Rachida na Matunda ya Mfuko

Wifi yangu Rachida hachumi matunda yake. Anayaokota. Ukimkuta asubuhi ameinama kwenye kona ya kiwanja, kitenge kimekazwa kiunoni na beseni la plastiki liko chini mbele yake, usimwulize kama anachuma, maana atakusahihisha hata kabla ya kuitikia salamu. Tunda hili, anasema, likiiva linajiangusha lenyewe. Ukilitoa kwenye tawi kabla ya wakati wake utakula uchungu, tumbo litakusokota, na wa kulaumiwa utakuwa wewe.

Ni tunda dogo la porini, la mviringo, lenye rangi ya manjano inayokaribia ya chungwa, na linakua limejifungia ndani ya ganda jepesi linalokauka na kuwa kama karatasi. Ukipasua ganda unalikuta limeng'aa, lina utelezi kidogo. Ukilitafuna kwanza linakuja kali, halafu tamu, halafu unabaki unatafuta mbegu zake kwa ulimi. Hapa Kolwezi kila kabila lina jina lake kwa tunda hili na kila mtu anaapa kwamba jina la kwao ndilo la kweli. Nyumbani kwetu tunaliita tunda la mfuko, na mjadala umekwisha. Kichaka chake hakizidi kiuno cha mtu mzima. Kinaota kando ya reli, kwenye magofu, mahali popote ambapo udongo umevurugwa, na sisi wa Kolwezi kwa udongo uliovurugwa hatuna shida.

Mimi ni Kadija, dada mkubwa wa Hassani, mumewe Rachida. Nauza unga na maharagwe sokoni, na watu wa sokoni watakuambia kwamba ulimi wangu hauna mlango. Wanapowaona mawifi wawili wakiishi mtaa mmoja wanangojea vita. Sisi tunagombana kila siku na tunagombana vizuri tu: kuhusu chumvi, kuhusu watoto kuvaa soksi, kuhusu nani alimwazima nani sufuria. Lakini yule mwanamke nampenda. Nasema wazi ili usije ukadhani sina upande katika habari hii.

Rachida alizaliwa Kindu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, akashuka nao kwa reli hadi Katanga, na binti akashuka naye. Hassani alimwoa wakati sisi sote tulikuwa Musonoi, karibu na mashimo makubwa ya mgodi, na pale ndipo Rachida alipopanda vichaka vyake vya kwanza. Musonoi baruti ilipolipuliwa mgodini vikombe vilicheza mezani. Ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, kaka yangu akaziba kwa saruji, ukapasuka tena pembeni ya ile saruji. Wakahama.

Wakaenda Kasulo. Huko nako vichaka vikaota, vikazaa, watoto wakala. Halafu mtu mmoja akachimba kisima akakutana na kobalti, na mtaa mzima ukashika sururu. Watu walichimba jikoni, walichimba chumbani, wakatandika turubai juu ya shimo wageni wasilione. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa tunakula bukari, ndio ugali wetu, na samaki, Malaika, mtoto wao wa kwanza, akiwa bado mdogo sana, akalaza sikio sakafuni akasema kuna mtu anabisha hodi huko chini. Alikuwa jirani yetu. Handaki lake lilikuwa limefuata jiwe hadi chini ya sebule ya kaka yangu. Kabla juma halijaisha, kabati la vyombo lilikuwa limeinama upande mmoja. Wakahama tena.

Siku ile ya kuhama Kasulo nilimkuta Rachida amechuchumaa uani, anakamua matunda yaliyoiva sana ndani ya majivu. Majivu yanakausha mbegu, kisha anazifunga kwenye pindo la kitenge. Watu wanabeba magodoro, yeye anakamua matunda. Nikamwambia, kwa ule ulimi wangu, kwamba angekuwa na akili angepanda mparachichi kama watu wengine, mti wa maana, wenye kivuli.

Hakukasirika. Alisema, "Mparachichi inataka mutu mwenye kujua kama atakaa, dada. Hii unapanda mvua ikianza, mvua ikiisha batoto banakula. Kama banakufukuza, unakuwa umekula."

Nyumba ya tatu ndiyo hii ya sasa. Kaka yangu aliinunua kwa jasho la barabarani, maana ni dereva wa lori, anapeleka mizigo mpaka mpakani Kasumbalesa. Ni nyumba ya matofali, vyumba vitatu, na chumba kimoja cha nyuma walichompangisha kijana wa kutoka Kasai anayeitwa Glodi. Rachida amekaa hapa muda mrefu kuliko alivyokaa popote. Vichaka vyake vimejaza upande mzima kati ya jiko na chumba cha watoto. Mwezi wa Ramadhani tunafuturu kwa tende chache na bakuli kubwa la matunda ya mfuko, na hata madereva wasiofunga wanapitia kwa bahati mbaya saa ileile. Anayauza kwa kikombe pale malori yanaposimama. Na watoto wanayapasua yale maganda kwenye paji la uso ili yalie pa, ingawa wamekatazwa.

Adui wake alikuwa mbuzi wa jirani. Mbuzi yule alikuwa na roho mbaya, alikula majani, akala maganda, akala hata kamba ya kuanikia nguo. Glodi, ambaye ni mchimbaji lakini ni kijana mwenye adabu, akajitolea kumjengea Rachida uzio. "Mama, mi nitakuwekea miti," akasema. "Mbuzi itaona kwa macho tu." Siku hiyo hakwenda mgodini. Alichimba mashimo ya nguzo, akiwa anapiga hadithi za kwao bila kupumua, huku Rachida na mimi tunachambua maharagwe. Ghafla akanyamaza. Glodi akinyamaza lazima umtazame. Alikuwa amepiga magoti, ameshika jiwe, analilowesha kwa mate na kulisugua kwa kidole gumba. Lilikuwa jeusi, lina madoa ya kijani.

"Mama," akasema polepole, "ita tata," yaani baba mwenye nyumba, Hassani.

Hapo sote tulijua. Hakuna mtu wa Kolwezi asiyelijua jiwe lile. Wenyewe wanaliita matiere, na neno hilo likishatamkwa uani kwako, nyumba haiwi nyumba tena, inakuwa kifuniko.

Sasa usimhukumu kaka yangu haraka. Hassani si mtu wa tamaa. Alichokitaka ni kuacha barabara. Mgongo unamuuma, macho yanamuuma kwa vumbi, na kila akirudi safari anakuta watoto wamerefuka bila yeye. Alimweleza mkewe mbele yangu, sauti yake iko chini.

"Mama Malaika, mi nilichoka. Nakaa ku mupaka nangojea foleni, batoto banakomaa mi siko. Tukipata matiere hapa, mi narudi ku nyumba moja kwa moja."

"Utarudi ku nyumba gani?" Rachida akamwuliza. "Ile utakuwa umetoboa?"

"Hatutaingia chini ya nyumba. Naapa."

"Usiape. Ile jiwe haina masikio. Kwenye itaenda, njo kule mutaifuata."

"Tutaangalia tu, mama. Kama ni kidogo, tunafunga."

"Tutaangalia tu" ndilo neno lililotoboa Kasulo nzima, na nilimwambia hivyo. Akaniomba, kwa heshima zote za mdogo kwa dada yake, nirudi nikauze maharagwe yangu. Rachida hakupiga kelele. Alisema, "Mi nilichoka kuhama," akaondoka kwenda kutazama sufuria. Usiku huo hakula, na mimi nilijua hakula kwa sababu asubuhi bukari yake alipewa kuku.

Glodi akaleta wenzake. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima kidogo, Lucien, mtu mpole wa sala, anayenawa mikono hata kabla ya kunywa maji. Wakachimba pale pale penye nguzo, katikati ya vichaka. Nusu ya vichaka viling'olewa siku ya kwanza. Vilivyobaki vikasimama ukingoni mwa shimo, mizizi mingine ikining'inia hewani.

Halafu Lucien akatoa sheria. Hakuna mwanamke kulikaribia shimo. Wachimbaji wetu wana imani hiyo, na wanaishika kuliko wanavyoshika usingizi: mwanamke akisogea, matiere inakimbia. Inazama, inajificha, na hata uchimbe mwaka mzima utatoa udongo mtupu. Lucien alimweleza Rachida kwa unyenyekevu mkubwa, kofia mkononi.

"Mama, haina kukuzarau. Ni vile kazi iko. Usipite hapa, usichungulie, na mutoto musichana asipite."

Wakafunga kamba yenye vipande vya gunia kuzunguka shimo na vichaka vyote. Kwa hiyo mwenye nyumba akawa hawezi kupita uani kwake. Kutoka mlangoni kwenda jikoni, hatua chache tu, wifi yangu alilazimika kutoka nje, kuzunguka kwa jirani mwenye yule mbuzi, na kuingia kwa nyuma amebeba sufuria kichwani. Nilitaka kwenda kumwambia Lucien maneno mawili matatu. Rachida akanizuia. "Kila mutu na mwiko yake," alisema. "Mi pia niko na yangu."

Ulikuwa ndio msimu wenyewe. Mvua zilikuwa zinaisha na matunda yalikuwa yanaiva, na likiiva, nimekwisha kukuambia, linaanguka. Mengine yalianguka ukingoni, Glodi akayaokota kwa aibu na kumletea kwenye kofia yake ya kazi. Lakini mengi yalikuwa upande wa shimo. Yalikuwa yanadondokea humo, na wachimbaji waliyakanyaga kwa mabuti. Rachida alikuwa akikaa mlangoni anasikiliza. Kila siku shimo lilizidi kwenda chini, na kila siku kaka yangu aliporudi kutoka gereji, ambako lori lake lilikuwa linatengenezwa, aliwauliza wanaume kwa macho, nao wakajibu kwa kichwa: bado, bado, karibu.

Jumapili upepo ulivuma tangu alfajiri. Wachimbaji walikuwa kanisani, maana Lucien hachimbi kabla ya ibada. Mimi nilikuja na unga, nikamkuta Rachida amesimama kwenye kamba. Vichaka vilikuwa vimetikiswa vikabaki uchi. Chini, kwenye sakafu ya shimo, matunda yalikuwa yametapakaa yote, maganda yameng'aa kwa jua lililokuwa linaingia wima.

Nilifikiri anatazama tu. Akavua ndala.

"Rachida."

Akainua kamba, akapita.

"Rachida, wifi yangu, ukikwama mule mi sikuvuti. Mgongo wangu haupo kwa kazi hiyo."

Wifi yangu si mwembamba. Shimo lilichimbwa kwa kipimo cha vijana wanaokula mara moja kwa siku, na ukutani wametoboa matundu ya kuwekea vidole vya miguu, moja huku, moja kule. Alishuka hivyohivyo, anamtaja Mungu kwenye kila tundu, hadi nikabaki naona kilemba tu. Akaniambia nishushe beseni. Nikalifunga kwa kamba ya ndoo nikalishusha. Nikamsikia anaokota, maganda yanachakacha, hana haraka kabisa, kama mtu aliye sokoni asubuhi.

Kisha mchakacho ukakoma. Nikangoja. Nikamwita, hakujibu. Nikapiga magoti ukingoni, mimi Kadija mwenye kuogopa hata ngazi ya dukani, nikaona amesimama ameuelekea ukuta wa upande wa nyumba, kiganja chake kimelala juu yake.

"Kuko nini?"

"Bitunda," akasema. Lakini sauti haikuwa ya mtu anayetazama matunda.

Nililivuta beseni kwanza, limejaa, kisha yeye akaanza kupanda. Kichwa chake kilikuwa ndio kwanza kimetokeza juu, kilemba kimekaa upande na vumbi jeusi limempaka bega, wakati lango lilipofunguliwa na Lucien na wenzake wakaingia na mashati yao meupe ya ibada.

Lucien alimtazama mama mwenye nyumba akitoka kwenye shimo lake kwa tumbo, akisaidiwa kwa mkono mmoja na wifi anayecheka bila kuweza kujizuia. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Basi," akasema. "Imekimbia."

Glodi alijaribu kumbembeleza, akasema labda watie chumvi, labda wamwite mchungaji aombe. Lucien hakutaka. Alisema bila hasira kwamba hata Mungu hairudishi iliyokimbia, akamwambia Rachida, "Mama, ubaki muzuri," na wakakusanya sururu na ndoo zao. Kamba ya gunia waliiacha. Mpaka leo sijui kama wifi yangu alifanya makusudi. Nikimwuliza ananiambia matunda yangeoza.

Lucien alimpigia Hassani simu. Kaka yangu alifika mchana, mikono ina grisi, na uso nilioujua tangu utotoni, wa mtoto aliyenyang'anywa kitu. Rachida alikuwa amekaa chini uani, anapasua maganda. Hakusimama.

"Banasema ulishuka mu shimo."

"Nilishuka."

"Ulijua mwiko yao."

"Nilijua. Bitunda byangu bilianguka mule, Baba Malaika."

Hassani akatazama shimo, akamtazama mkewe, na nikaliona swali likipanda kooni kwake kabla hajalisema.

"Na mule uliona nini?"

Nakuambia ukweli, nilimwomba Rachida kwa macho yangu yote. Neno moja tu. Aseme udongo. Wachimbaji wameondoka, watatangaza mji mzima kwamba shimo la Hassani limekufa, hakuna atakayekuja. Aseme udongo, tule matunda, tufunge habari.

Rachida akaweka beseni pembeni.

"Iko," akasema. "Iko mingi. Balikuwa bamebakisha kidogo tu bayifikie. Iko nyeusi na kijani, na haishuke chini. Inaenda ku chumba ya batoto. Unaweza kuita bantu bengine kesho. Mi sitakudanganya."

Nilitaka kumpiga. Ninamheshimu sana kwa siku ile, lakini nilitaka kumpiga.

Kaka yangu akashuka mwenyewe, simu yenye tochi mdomoni. Alikaa humo muda wa kutosha. Alipotoka viganja vyake vilikuwa vyeusi. Hakututazama. Alikwenda kwenye chumba cha watoto, akasimama mlangoni. Malaika alikuwa amelala kwenye mkeka na mdogo wake, mguu wa mmoja juu ya tumbo la mwenziwe, wanalala mchana kama kawaida yao ya Jumapili. Aliwaangalia, kisha akaangalia sakafu. Nikamwona anaijaribu sakafu kwa unyayo, taratibu, asije akawaamsha.

Akanawa mikono, akatawadha, akasali alasiri. Baada ya sala akachukua koleo nyuma ya nyumba, akaliingiza kwenye rundo la udongo walioutoa wachimbaji na kuutupa shimoni. Akatupa tena. Akaendelea hadi shati likalowa mgongoni. Ndipo akageuka kwangu.

"Dada, mi mule niliona udongo tu," akasema. "Wewe uliona nini?"

"Mimi? Udongo," nikamwambia. "Tena mbaya."

Ndiyo maana ukiniuliza nyumba hii iko mtaa gani nitakujibu iko Kolwezi, na Kolwezi ni kubwa.

Rachida alikuwa amesimama ukingoni, ndani ya kamba. Hakulia walipotoka Musonoi, wala Kasulo hakulia, nami nilikuwepo. Sasa alikuwa analia wazi, machozi yanaingia mdomoni, na hakuyafuta. Udongo ulikuwa unamwagika karibu naye na kumfunika vidole vya miguu.

"Mama Malaika, sogea kule," Hassani akamwambia. "Udongo inakuangukia."

"Acha ianguke," akasema Rachida. "Mi niko hapa."